Jikoni na Wasomaji: Nyamapori, Kiporo cha Sikukuu na Uyoga wa Mvua

Sikukuu zimepita, friza zimejaa na kwingi mvua inanyesha. Barua za mwezi huu zimefuata mkondo huo huo. Zilizofanana tumezijibu kwa pamoja.

Habari za kazi. Nilinunua kilo 2 za nyama ya nyumbu kwenye bucha la nyamapori nikaipika kama ya ng'ombe: nikaikaanga na vitunguu, nikatia nyanya, nikafunika kwa saa moja na nusu. Imetoka ngumu kama soli ya kiatu, na wageni wameila kwa heshima tu. Tatizo ni nini?
*Mama wa Kihonda, Morogoro*

Mama, viungo havina kosa. Tatizo ni moto na muda. Nyumbu hutembea maisha yake yote, na nyama yake haina mafuta ya ndani kama ya ng'ombe aliyenenepeshwa. Paja, mkono, shingo na muundi vimejaa kano na utando mweupe. Vitu hivyo havilainiki kwa kuchemshwa kwa nguvu. Vinataka moto mdogo wa muda mrefu, mpaka vigeuke ute unaofanya mchuzi uwe mzito. Moto ukiwa mkali, nyuzi za nyama hujikaza na kukamua maji yake nje, na hakuna mafuta ya kuzilainisha tena. Saa moja na nusu ndiyo wakati mbaya kuliko yote: maji yameshatoka na kano bado hazijayeyuka. Wengi hapo hukata tamaa na kuipua, kumbe ilibaki saa moja.

Kwa kilo 2, anza siku moja kabla. Toa utando wote mweupe na mafuta yoyote ya mnyama unayoyaona, maana harufu kali ya porini hukaa zaidi kwenye mafuta hayo, na hakuna kiasi cha bizari kitakachoifunika. Kata vipande vya sentimita 4 hivi. Vidogo zaidi hukauka. Loweka kwenye mtindi nusu lita uliochanganywa na tangawizi na kitunguu swaumu kilichotwangwa, uweke kwenye friji kwa saa 8 hadi 12. Kama huna mtindi, tumia lita moja ya maji na vijiko 3 vya siki. Usipitishe saa 24, kwa sababu asidi hufanya uso wa nyama uwe kama chokaa huku ndani pakiwa vile vile. Papai bichi hufanya kazi haraka zaidi: kijiko kimoja cha mezani kilichokwaruzwa kwa kilo moja, dakika 30 hadi 45, kisha isuuze. Ukiliacha usiku kucha utaamka na uji.

Futa nyama ikauke. Yeyusha gramu 150 za mafuta ya nundu ya ng'ombe, au tumia vijiko 5 vya mafuta ya kupikia, kisha kaanga nyama kidogo kidogo, kwa mafungu manne. Ukiijaza yote kwa pamoja sufuria hupoa, nyama inatoa maji na kujichemsha yenyewe badala ya kubadilika rangi. Ikishakuwa ya kahawia kila upande, tia vitunguu 3, nusu ya chumvi, na maji ya moto mpaka yaifunike. Ikichemka tu, punguza moto hadi uone viputo viwili vitatu vikipanda kwa uvivu. Funika kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Kwa sufuria la presha ni dakika 50 hivi tangu lianze kupuliza. Nyanya zitie uma ukianza kuzama bila kusukumwa. Zikikaa saa tatu chini ya sufuria hushika na kuungua, na ladha ya kuungua huenea mchuzi mzima.

Ukienda tena buchani, uliza ni sehemu gani unayouziwa. Sarara na steki ya mgongoni hazihitaji safari yote hii. Zikate nyembamba kukata nyuzi, upana wa nusu sentimita, uzikaange kwenye kikaango cha moto sana kwa dakika 3 hadi 4 mpaka wekundu uishe ndani, uipue. Ukizipika kwa saa tatu umeharibu fedha. Na nyama ya kusaga isagwe pamoja na mafuta ya ng'ombe: gramu 800 za nyama kwa gramu 200 za mafuta, la sivyo kababu zitavunjika.

Binamu yangu anakuja kutoka Arusha na ameahidi kuniletea nyama ya swala aliyoinunua dukani kihalali. Je, naweza kuihifadhi kwenye friza yangu hapa?
*Msomaji wa Voi, Kenya*

Hapana. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamhesabu mwenye nyama hiyo kuwa na kosa, hata kama hakumuua mnyama. Risiti ya Tanzania haivuki mpaka. Binamu yako aile kwao, na hata huko aitunze risiti: mabucha ya nyamapori yamewekwa chini ya kanuni za mwaka 2020, na nyamapori isiyo na kibali wala risiti ni kesi. Kwako wewe, tafuta mbuni au kanga wa kufugwa kutoka kwa mfugaji mwenye leseni ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Mbuni kwa mpishi ni nyama nyekundu kabisa, haina mafuta, na maelezo ya steki tuliyompa mama wa Kihonda yanaifaa bila kubadilisha neno.

Huku kwetu ngiri hupatikana msimu wa uwindaji wa kibali. Vijana wanapenda mishkaki yake ikiwa nyekundu kidogo ndani, wanasema ukiibanika sana inakauka. Wazee wanasema ikishapigwa chumvi na kukaushwa kwa moshi haina shida. Nani ana haki?
*Mwalimu, Songea*

Hakuna. Ngiri na nguruwe pori wanaweza kuwa na minyoo midogo ya trikinela ndani ya misuli, isiyoonekana kwa macho. Chumvi, moshi na jua haviui minyoo hiyo kwa uhakika, na friza ya nyumbani usiitegemee. Kinachoiua ni joto lililofika katikati ya kipande: nyuzi joto 71 za Selsiasi kama una kipimajoto, na kama huna, kata kipande kinene kuliko vyote. Kusiwe na wekundu, na maji yatoke meupe. Wasiwasi wa vijana kuhusu ukavu ni wa kweli, lakini dawa yake si ubichi. Kata vipande vya sentimita 2, chomeka kipande cha mafuta au kitunguu kati ya kila viwili, na banika kwenye makaa yaliyoshika jivu, si kwenye ndimi za moto.

Kama kuna nguruwe wa kufugwa kijijini, mabaki mabichi ya ngiri, damu na maji ya kuoshea vifukiwe. Ngiri hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila kuugua, ugonjwa ulioelezwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, na hadi leo hauna tiba. Utumbo mmoja ukitupwa zizini unaweza kumaliza nguruwe wa mtaa mzima.

Wapo pia walioandika kuuliza kuhusu mnyama aliyekutwa amekufa porini, akionekana bado mbichi. Usimchune, usimguse. Akiwa na kimeta, kuchemsha kwa jikoni hakumalizi vijidudu vyake, na hata anayechuna bila kula anaweza kuugua. Mwite ofisa mifugo.

Shikamooni. Nimekulia Mafinga na uyoga naujua. Sasa nimeolewa Kibaha, na baada ya mvua kwenye nyasi za uwanja hutokea uyoga mkubwa mweupe mzuri sana, unafanana na wa kwenye kichuguu. Mama mkwe anasema tuupike na kitunguu swaumu: kikigeuka cheusi tuumwage, kisipogeuka tule. Naomba ushauri kabla ya kuutia sufuriani.
*Binti wa Mafinga*

Marahaba. Usiutie sufuriani.

Kitunguu kubadilika rangi hakuhusiani na sumu. Vivyo hivyo sarafu ya fedha, mchele, na ule usemi kwamba ukiliwa na konokono basi na mtu anaweza kuula. Kuna uyoga unaoua ambao utapita majaribio haya yote, tena wenye ladha nzuri. Sumu mbaya kuliko zote za uyoga haiharibiki kwa kuchemsha, kukausha, wala kulowekwa kwenye siki. Mweleze mama mkwe kwa upole, lakini mweleze.

Sasa huo wa uwanjani. Kwenye nyasi za mjini huota uyoga mweupe mkubwa, upana wa sahani, wenye magamba ya kahawia yaliyotawanyika juu ya kofia, mara nyingi ukiwa umejipanga kwa duara. Ukiwa mchanga, vikunjo vya chini ya kofia ni vyeupe, ndiyo maana hudanganya. Ukikomaa vinaelekea kijani. Atakayeula huanza kutapika na kuhara ndani ya saa 1 hadi 3, na kwa mtoto mdogo upotevu huo wa maji ni hatari.

Uyoga wa kichuguu una alama zake, na unatakiwa uone zote kwa pamoja. Umeota juu ya kichuguu au ardhi yenye mchwa. Katikati ya kofia kuna ncha ngumu, ambayo ndiyo iliyotoboa udongo. Ukichimba taratibu badala ya kung'oa, utaona shina linaendelea chini kama mzizi mrefu unaopungua unene mpaka kwenye makao ya mchwa. Chini ya shina hakuna kikombe wala mfuko. Mwisho, pima vumbi la mbegu: kata shina, laza kofia kwenye karatasi iliyo nusu nyeupe nusu nyeusi, vikunjo vikiangalia chini, funika na bakuli usiku kucha. Wa kichuguu huacha vumbi la rangi ya malai inayoelekea waridi. Ukiona kijani, ni yule wa uwanjani. Ukiona jeupe kabisa na chini ya shina kuna kikombe, uko kwenye ukoo wenye uyoga unaoua.

Hapo watu wa Iringa, Ruvuma na Tabora watatuandikia kwamba kwenye miombo wanakula uyoga wenye kikombe tangu enzi za mababu. Ni kweli, na wako sahihi huko kwao, chini ya miti wanayoijua. Lakini ujuzi wa uyoga ni wa mahali. Macho yaliyofundishwa Mafinga yamefundishwa kuutofautisha uyoga wa Mafinga na ndugu zake wa Mafinga. Kibaha kuna ndugu wengine ambao hukuwahi kuonyeshwa. Mpaka upate mwenyeji anayeujua wa hapo, nunua uyoga wa kulimwa, ule aina ya mamama.

Na kama mtu ameshakula: kutapika mapema kunatisha, lakini dalili zinazoanza baada ya saa 6 au zaidi ndizo za kuogopwa kuliko zote. Mgonjwa hutapika na kuhara, kisha siku ya pili huonekana amepona. Wakati huo ini linaharibika. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na beba uyoga uliobaki, hata maganda. Usingoje, na usimpe maziwa ukidhani yanaondoa sumu.

Nilikausha uyoga wa mwezi uliopita ili niupeleke mjini. Umegeuka mweusi, una harufu ya uvundo, na ukiula mchanga unalia menoni.
*Mkulima, Sumbawanga*

Uliuosha kabla ya kuuanika. Uyoga ni maji karibu asilimia 90, na ukiuongezea mengine hauwahi kukauka kabla haujaanza kuoza. Udongo uukwangue kwa kisu palepale unapoukata, kabla ya kuutia kikapuni, kwa sababu punje moja ikiingia kwenye vikunjo vya uyoga wa chini nayo haitoki tena. Tumia kikapu au ungo, si mfuko wa plastiki. Kwenye plastiki, safari ya saa tatu inatosha kuuvundisha. Usichume kando ya barabara kuu wala kwenye shamba lililopigwa dawa, kwani uyoga hufyonza kilicho ardhini.

Kata vipande vya unene wa nusu sentimita, panga bila kupandana kwenye wavu ulioinuliwa ili hewa ipite chini, na uanike asubuhi ya jua kali. Jioni uingize ndani: umande wa usiku mmoja hurudisha unyevu wa kutwa nzima, na weusi mwingi huanzia hapo. Siku ya pili au ya tatu unapaswa kuvunjika kwa mlio. Ukijipinda, bado. Mawingu yakikuzidi, malizia juu ya jiko lenye makaa machache, mbali kiasi cha mkono kuvumilia. Kilo moja itakupa takriban gramu 100. Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Ule mweusi wenye uvundo, utupe.

Kupika: gramu 50 za uyoga mkavu ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 30. Uutoe kwa mkono, maji yachuje kwa kitambaa (mchanga utabaki hapo) na uyatunze. Kaanga kitunguu 1 na nyanya 2, tia uyoga na vikombe 2 vya yale maji, chemsha dakika 20. Ndipo ukoroge gramu 100 za karanga zilizosagwa, dakika 5 hadi 7, ukikoroga muda wote. Ukianza na karanga zitashika chini. Chumvi mwishoni.

Tulipika pilau la kilo 8 siku ya Mwaka Mpya, likabaki nusu sufuria usiku. Tulilifunika vizuri, asubuhi tukalipasha moto sana, mchana watu wanne tumbo likatukamata. Halikuwa na harufu yoyote. Lilikuwa na nini?
*Familia ya Tanga*

Poleni. Kulifunika vizuri ndiko kulikoleta shida. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemka. Pilau likikaa vuguvugu usiku kucha, mbegu huamka, vijidudu huzaana na kutoa sumu. Sumu hiyo ya kutapisha haiharibiki kwa kupasha moto, hata mpashe mpaka ukoko uungue. Haina harufu. Na nyama iliyo katikati ya sufuria kubwa ina wageni wake wa namna hiyo hiyo, kwa sababu katikati pale huchukua saa nyingi mno kupoa.

Saa 2 baada ya kuipua, kilichobaki kiwe kimeshaingia kwenye friji. Kwa joto la Tanga la Januari, saa 1. Msingoje kipoe sufuriani: kitandazeni kwenye masinia, kina kisizidi vidole vitatu, pepeeni, kisha wekeni kwenye vyombo vifupi. Wali na pilau mle kesho yake. Mchuzi wa nyama unafika siku 3. Pasheni kile tu mtakachokula, mara moja, mpaka moshi utoke katikati. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa inashika baridi kama saa 4, na friza iliyojaa mpaka saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Kila mnapoifungua kuchungulia, mnazipunguza.

Mbuzi wa Krismasi tulimchinja asubuhi, na kufikia saa nne nyama yote ilikuwa kwenye friza. Mbona imekuwa ngumu kuliko ya buchani?
*Baba wa Kahama*

Iligandishwa kabla misuli haijamaliza kukakamaa. Baada ya kuchinja, nyama hukaza kwa saa kadhaa kisha hulegea. Ikiingia kwenye baridi kali wakati huo hujikunyata, na itakapoyeyuka hujikaza tena. Iacheni kwenye friji ya kawaida saa 24 ndipo muigandishe. Hiyo mliyo nayo iyeyusheni taratibu ndani ya friji kwa siku mbili, muipike kwa moto mdogo kama nyumbu wa hapo juu. Supu itakuwa nzuri. Mishkaki msahau.

Nyama ya nyati iliyopikwa imebaki kama nusu kilo, watoto hawataki kuiona tena. Nifanye nini?
*Msomaji wa Tabora*

Katlesi. Chemsha kilo 1 ya viazi na maganda yake, maana vikimenywa kabla hunywa maji, na katlesi yenye maji hupasukia kwenye mafuta. Menya na uviponde vikiwa vya moto. Chambua nyama nyuzi nyuzi, ikaushe kwenye kikaango na kitunguu, pilipili manga nusu kijiko cha chai, kotmiri na ndimu, mpaka kusiwe na mchuzi hata tone. Ikipoa, ifunge ndani ya viazi, chovya kwenye yai lililopigwa, na uzitie mafuta yakiwa moto kiasi cha kipande cha mkate kuwa kahawia ndani ya dakika moja. Mafuta ya vuguvugu huvua yai lote. Zinatoka kama 16.

Kanga wangu wa kufugwa ana zaidi ya mwaka. Naweza kumchoma mzima?
*Dada wa Bukoba*

Dada, kanga wa kuchoma ni yule ambaye ncha ya mfupa wa kidari chake bado inapinda ukiibonyeza. Huyo wako atakuwa mgumu. Mkate vipande 8, mkaange, mchemshe kwa tui jepesi la nazi na uyoga kwa saa moja na nusu, ila vidari vitie dakika 30 za mwisho, kwani havina mafuta na vikitangulia na mapaja vitakuwa pamba. Tui zito liingie moto ukishapungua, lisikatike.